Kwenye laptopu inaimba, mezani inavuma: jibu kwa msomaji wa Kayole

Swali: "Fundi, habari ya kazi. Mimi niko Kayole, elektroniki nafanya jioni nikitoka kazini. Nimechora amplifaya kwa LTspice, ile programu ya kujaribu saketi kwenye kompyuta: NE5532, yaani opampu (chipu ya kukuza wimbi), mbele, transista TIP41C na TIP42C nyuma, volti 15 chanya na 15 hasi. Kwenye laptopu inatoa wati 12 kwa spika ya ohm 8, na upotoshaji wa sauti ni asilimia 0.01 tu. Nikashuka Luthuli Avenue mjini Nairobi nikanunua vitu, nikalehemu kwa veroboard, ile bodi yenye kanda za shaba. Sasa inavuma hata bila wimbo, nikiongeza sauti inapasuka, na TIP41 inachomeka. Nimebadilisha tatu. Hizi programu ni za kuchezea tu, ama nimeuziwa transista feki?"

Jibu: Asante kwa swali, na asante zaidi kwa kuambatisha picha za mchoro na za bodi yako, maana karibu kila kitu kimo humo.

Tuanze na feki. Zipo mjini, sitakudanganya. Lakini transista tatu kufa kifo kimoja, tena kila moja baada ya dakika kama kumi, hiyo ni dalili ya saketi. Hata ungeletewa TIP41C halisi kutoka kiwandani ikiwa imefungwa kwa karatasi, ingeungua palepale. Hifadhi pesa yako.

Na programu haijakudanganya. Imekujibu sawasawa kuhusu saketi uliyoichora, ila saketi uliyoichora siyo ile uliyoilehemu. Tazama picha ya mchoro tena. Kando ya transista ya juu pameandikwa NPN, ya chini PNP, na kando ya dayodi pana herufi D peke yake. Opampu ni pembetatu yenye miguu mitatu, haina hata mguu wa kupokea umeme. Yale majina "TIP41C" na "NE5532" umeyaandika wewe kama maelezo pembeni. Sisi tukiyasoma tunaelewa, lakini programu haiyasomi kabisa. Kwake yeye pale pana transista ya kitabuni: gaini (ukuzaji wa mkondo) 100 wakati wote, haina kapasitansi, haipati joto ikifanya kazi.

Hilo tu lina gharama gani? Fanya hesabu nami. Dayodi zako mbili, zile zinazotenganisha beisi (miguu ya kuamuru) za transista mbili, zinapitisha kama miliampea 5. Dayodi ya kitabuni ya LTspice na transista yake ya kitabuni hazina ukubwa sawa: kwa volti ileile, transista inapitisha sehemu moja ya mia ya mkondo wa dayodi. Kwa hiyo kwenye skrini transista zako zikiwa zimetulia zinapitisha miliampea 0.05. Ni kama zimelala. Baridi kabisa.

Mezani umeweka 1N4148, kidude cha glasi kidogo kuliko punje ya mchele. Kikipitisha miliampea 5 kinashikilia karibu volti 0.66. TIP41C ni jitu la ampea 6, na kwa volti 0.66 kati ya beisi na emita, mguu ambao mkondo hutokea, linaweza kupitisha miliampea 100 au zaidi. Zidisha kwa volti 16, ndizo za kweli mezani kwako, nitazifikia: wati 1.6 za joto, bila wimbo, bila mtu kugusa kitufe cha sauti. Datashiti ya TIP41C, karatasi ya vipimo ya mtengenezaji, inasema bila hitisinki (bati la kupoza) inapanda digrii 62.5 kwa kila wati. Hizo ni digrii 100 juu ya joto la chumba chako, na kipande cha bati ulichofunga pale, kwa picha naona ni saizi ya kidole gumba, hakitaokoa mtu.

Halafu moto unazaa moto. Volti inayohitajika kati ya beisi na emita hupungua kama milivolti 2 kwa kila digrii inayopanda. Transista ikipanda digrii 50, inahitaji milivolti 100 pungufu, lakini dayodi zako ziko sentimita nne mbali, baridi, bado zinashikilia volti ileile ya mwanzo. Ziada hiyo yote inageuka mkondo. Mkondo unaleta joto, joto linaleta mkondo, na katika dakika ya kumi unasikia ile harufu. Kila fundi anaijua.

Sasa, kosa hili lingeweza kuonekana kwenye laptopu? Ndiyo, lakini lazima uulize kwa ujanja. SPICE, mama wa LTspice na wa karibu kila programu ya aina hii, ilitengenezwa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley na Laurence Nagel chini ya Donald Pederson, ikatangazwa 1973. Kazi yake ilikuwa kubuni saketi zilizo ndani ya chipu, mahali ambapo huwezi kuingiza solda ujaribu. Ndani ya chipu transista zote zimekaa kwenye kipande kimoja cha silikoni, zinashiriki joto kama watoto waliolala blanketi moja. Kwa hiyo haishangazi kwamba hadi leo programu inavipa vitu vyote joto moja, digrii 27, usipoiambia vingine. Tena ukiiambia ipandishe joto la saketi nzima, inapandisha dayodi na transista pamoja, na kila kitu kinaonekana shwari. Mezani hazipandi pamoja. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya neno NPN lililo kando ya transista, na baada ya jina hilo la modeli acha nafasi uandike temp=80. Fanya hivyo kwa zote mbili, dayodi uziache kwenye 27. Endesha. Utaona mkondo wa kutulia ukiruka juu, na hapo ndipo utajua kwa nini mafundi wa zamani hufunga dayodi juu ya hitisinki yenyewe.

Dawa ni mambo matatu kwa pamoja, usichague moja. Weka rezista ya ohm 0.33 kwenye kila emita, za wati 2 au zaidi. Badala ya dayodi mbili tumia BD139 moja na potenshiometa ndogo ya kurekebisha, na hiyo BD139 uifunge kwa skrubu kwenye hitisinki moja na transista kubwa, na kipande cha mika katikati cha kuzuia umeme. Na hitisinki iwe hitisinki: saketi kama yako ikifanya kazi ngumu inatupa karibu wati 3 kwenye kila transista kubwa. Ukitaka kuthibitisha, shikilia Alt kwenye LTspice ubonyeze juu ya transista, itakuchorea wati zake. Kisha Ctrl na ubonyeze jina la mchoro huo, itakupa wastani.

Ukibadilisha NPN kuwa modeli halisi ya TIP41C, utakutana na jambo la pili, lile la kupasuka. Datashiti inasema gaini ya TIP41C kwa ampea 3 ni kati ya 15 na 75, na kwa ampea 0.3 haishuki chini ya 30. Mahali popote haijaahidi 100. Kilele cha wimbi kwenye ohm 8, volti 11, ni ampea 1.4. Gawanya kwa 30, beisi inataka miliampea 46. Nani atazitoa? NE5532, kupitia zile kapasita ulizoweka sambamba na dayodi. Na NE5532, hata ukiishoti, kwa kawaida inaishia miliampea 38. Opampu yako ya pembetatu ingetoa hizo 46 bila kukohoa, kwa sababu haina mipaka. Ile ya kweli inakata kichwa cha wimbi, na hiyo ndiyo sauti unayoiita kupasuka. Ongeza BD139 na BD140 kama wasukumaji kati ya opampu na transista kubwa, mkondo wa beisi unaoombwa kwa opampu utashuka hadi miliampea moja au mbili. Kwa kufanya hivyo volti za kutenganisha beisi zinaongezeka maradufu, ndiyo sababu nyingine ya kutumia ile BD139 ya kurekebisha badala ya kupanga dayodi nne.

Modeli za kweli utazipata kwenye kurasa za watengenezaji wenyewe. Ni faili ya maandishi tu, haili bando. Ukishaipakua, ifungue uisome kabla ya kuitumia. Ukiona gaini ya TIP41C imeandikwa 300, mtu amebuni.

Sasa umeme, na hapa acha nikusimulie aibu yangu. Miaka ya nyuma nilichora priampu ya besi, ile saketi inayotangulia amplifaya, kwa ajili ya nganya (matatu) moja. Nikaisimulisha wiki nzima, mstari wa frikwensi umenyooka kama rula, nikajipongeza. Tukaifunga asubuhi stendi. Dereva alipowasha injini, spika zikaanza kulia kama mbu, na kila akikanyaga mafuta mbu anapanda sauti. Makanga akaniangalia tu. Kwenye skrini nilikuwa nimechora betri ya volti 12, safi kama maji ya chupa. Kwenye gari kuna alteneta, volti 14 na kitu, zenye kelele inayofuata mzunguko wa injini, na wakati wa kustati volti zinaanguka vibaya. Sikuwa nimechora gari. Nilikuwa nimechora betri.

Wewe umechora volti 15 na 15 kama visima visivyokauka. Ulichonacho ni transfoma ya 12-0-12, dayodi nne, na kapasita mbili za mikrofaradi 2200. Zichore hizo. Angalizo moja ambalo linawakwaza wengi: kwenye chanzo cha wimbi cha LTspice unaandika kilele, si namba iliyoandikwa kwenye transfoma. Volti 12 za transfoma zina kilele cha 17, ukitoa dayodi unabaki na 16 na kidogo. Mawimbi 50 kwa sekunde, ndiyo stima yetu. Pima upinzani wa waya wa pili wa transfoma (upande wa kutoa) kwa mita, uuweke kama rezista mfululizo, na uongeze kidogo kwa sababu ya waya wa kwanza (upande wa ukutani).

Ukiendesha hivyo kwa sauti kubwa, kila upande unavuta wastani wa ampea 0.45, na kapasita ya 2200 inaachia volti zicheze karibu 2, juu chini, mara 100 kwa sekunde. Ndiyo maana wati 12 zako hazipo. Volti za umeme zimeshuka, NE5532 haifiki ukingoni, transista inakula yake. Tegemea wati 7 hivi, na mimi nasema wati 7 safi chumbani ni sherehe ya kutosha. Weka 4700 na ule mchezo unapungua nusu.

Lakini mvumo unaousikia bila wimbo hautoki hapo, maana saketi ikitulia haivuti mkondo mwingi wa kuchezesha kapasita. Unatoka kwenye graundi, yaani njia ya volti sifuri ya saketi nzima, na graundi ndiyo kitu ambacho mchoro unakificha kuliko vyote. Ile alama ya graundi ukiiweka mahali kumi, kwa programu ni nukta moja. Kwenye veroboard yako ni ukanda wa shaba wenye upana wa milimita 2 hivi. Sentimita 10 za ukanda huo zina karibu ohm 0.025. Utasema ni sifuri. Haya, tazama: dayodi hazijazi kapasita taratibu, zinapiga ngumi fupi mara 100 kwa sekunde. Hata saketi ikitulia, ngumi moja inaweza kufika ampea 0.3. Mara 0.025, hizo ni milivolti 7.5. Kwa picha yako, graundi ya waya wa kuingiza wimbo umeilehemu katikati ya ukanda uleule, kati ya kapasita mbili za umeme. Kwa hiyo amplifaya inaziona milivolti 7.5 kama wimbo, inazizidisha mara 21, na spika inapokea karibu volti 0.16 za mvumo. Hiyo unaisikia hadi chumba cha pili.

Jaribu hivi: kwenye mchoro futa zile alama zote za graundi isipokuwa moja, uziunganishe kwa rezista za ohm 0.01 hadi 0.025 kufuata njia ileile ya shaba yako. Endesha, tazama wimbi la kutokea. Mvumo utautazama kwa macho. Kisha hamisha rezista moja, ile ya graundi ya kuingiza, uitoe kwenye ukanda huo uipeleke kwenye nukta yake peke yake, na utazame tena. Dakika tano za laptopu zitakufundisha mpangilio wa graundi kuliko mimi nikikueleza siku nzima. Kwa mkono: waya wa katikati wa transfoma na kapasita mbili ziungane kwanza, halafu kutoka kwenye kapasita, waya mmoja uende kwenye nukta ya nyota, na spika, opampu na waya wa kuingiza kila mmoja aje pale kwa njia yake.

Kabla ya kugusa solda, fanya jaribio la sekunde tano. Shoti waya wa kuingiza kwenye graundi palepale kwenye bodi. Mvumo ukiisha, tatizo lilikuwa waya wako wa kuingiza usio na ngao. Ukibaki, ni haya niliyoyasema.

Spika kwa ufupi. Spika ya ohm 8 siyo rezista ya ohm 8. Badala yake weka ohm 6.2 na milihenri 0.6 mfululizo, ikifuatwa na vitu vitatu sambamba: ohm 30, milihenri 23 na mikrofaradi 300. Hapo umepata kitu kinachofanana na wufa inayovuma kwenye mawimbi 60 kwa sekunde. Ongeza pia kapasita ndogo ya nanofaradi 5 kwenye mlango wa spika, ujifanye ni waya mrefu, uone kama saketi inaanza kutetemeka kwa mawimbi ya kasi ambayo sikio halisikii. Ikitetemeka, rezista ya ohm 10 na kapasita ya nanofaradi 100 mfululizo, kutoka mlango wa spika hadi graundi, mara nyingi huituliza. Mtetemo huo nao huchoma transista kimyakimya.

Kuhusu ile asilimia 0.01: LTspice hubana mawimbi ili faili isiwe kubwa, na huko kubana kunavuruga kipimo cha upotoshaji. Weka .options plotwinsize=0, na hatua ya juu ya muda iwe mikrosekunde 1, ndipo uamini .four, amri inayopima upotoshaji. Na upime kwa milivolti chache pia, si kwa sauti ya juu tu, maana kasoro ya makutano ya transista mbili hujificha kwenye sauti ndogo.

Umeuliza kama ni za kuchezea. Mimi sinunui kapasita moja ya saketi ya toni kabla ya kuisimulisha. Kwa filta, kwa vitufe vya besi na trebo, kwa krosova, programu ni hodari kuliko mimi: hapo joto halina neno, mikondo ni midogo, na unachochora ndicho unachokipata. Badilisha kapasita kwa asilimia 20 juu na chini, kama zile za elektrolitiki zinavyokuja dukani, uone kama besi inahama. Na kuna raha moja ambayo wengi hawaijui. Kwenye chanzo cha volti andika wavefile="wimbo.wav" chan=0, na chini yake amri ya .wave yenye jina la faili ya kutokea, 16, 44100 na nukta unayotaka kuisikia. Wimbo wako utapita ndani ya saketi ambayo haijazaliwa, nawe utausikiliza kwa hedifoni. Ila LTspice huhesabu kilele cha faili kuwa volti 1, ugawanye kwa rezista mbili kabla haujaingia, na unapotoa nje vilevile. Chukua sekunde tano tu za wimbo; kwa laptopu ya zamani hizo zinatosha kukupa nafasi ya kuchemsha chai.

Ningekuwa wewe, huenda amplifaya ya kwanza ningejenga kwa chipu ya TDA2030A, ambayo ina kinga ya joto na ya shoti ndani yake. Lakini umeshanunua vitu, na naona una moyo.

Ukishajenga upya, usichomeke moja kwa moja ukutani. Tafuta balbu ya kizamani ya waya, wati 60, siyo LED, uiunge mfululizo na waya wa moto wa transfoma, umeme ukiwa umezimwa na viungo vimefunikwa vizuri. Hizo ni volti 240 na hazina utani. Potenshiometa ya kurekebisha ianze mahali pa volti ndogo kabisa kati ya beisi. Washa bila spika. Balbu iwake kidogo kisha ififie. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima, kuna shoti, lakini transista yako ya nne bado ni nzima. Ikififia, pima volti za DC kwenye mlango wa spika: zikizidi milivolti 50, tafuta kosa kwanza. Zikiwa sawa, toa balbu, weka mita kati ya emita mbili, na uzungushe potenshiometa polepole hadi usome milivolti 13. Hizo ni miliampea 20. Subiri robo saa, pima tena, rekebisha. Zisipopanda tena, unga spika.